Jinsi Hekima ya Yeremia Ilivyotibiwa

Pale Igoma, kandokando ya barabara iendayo Musoma, ipo karakana ya makochi ambayo kwa miaka mingi haikuhitaji kibao. Mteja aliyetoka Nyakato au Kisesa alielekezwa afuate sauti. Mwenye karakana, Yeremia Shimba, alikuwa na desturi ya kumaliza kochi, kulivuta hadi ukingo wa barabara, kulikalia ili ajiridhishe na uimara wake, kisha kulala. Alilala asubuhi, alilala baada ya chakula, alilala nyundo ikiwa mkononi. Mkoromo wake ulifanana na pampu ya kuvuta maji ziwani iliyomeza mchanga. Wateja hawakuchukizwa. Waliona kwamba kochi linaloweza kumlaza fundi wake mchana kweupe, magari yakipita, haliwezi kuwa kochi baya. Wakalinunua, wakamwamsha kwa adabu ili ashuke.

Mkewe, Selina, hakuwa mteja. Yeye alishona sare za shule kwa cherehani iliyokaa barazani, nyuma ya karakana, na kazi hiyo hudai jicho lililopumzika. Jicho la Selina halikupumzika tangu binti yao, Queen, alipokuwa darasa la pili. Na sasa Queen ameolewa Geita na ana watoto wake.

Alipoeleza shida yake kwa majirani, alipewa pole ya aina ile inayomwongezea mtu shida.

"Mama Queen, wewe unalalamika nini?" Gladness, jirani yake, alimwambia siku moja wakichambua mchele. "Sisi wengine hatujui waume zetu wako wapi. Wa kwako hata wapita njia wanajua alipo."

"Basi mchukue," Selina akamjibu. "Utajua alipo kwa karibu zaidi."

Wanaume nao walikuwa na elimu yao. Walishikilia kwamba mwanamume anayekoroma ameoa mpishi mzuri, na kwamba anayechoka kila wakati bila shaka amefanya kazi, hata kama hakuna aliyemwona akiifanya. Na mama mkwe, bibi Ng'washi wa Kisesa, alipopelekewa malalamiko hayo, aliyapokea kwa fahari kana kwamba ameletewa zawadi.

"Ni wa ukoo huo," alisema. "Hata baba yake alikoroma hivyo hivyo. Ukimsikia ungedhani nyumba inahama."

"Na alikufa kwa ugonjwa gani, mama?"

"Hakuugua. Alilala tu, hakuamka. Kifo kizuri."

 Tangu siku hiyo Selina hakulala hata kidogo.

Sasa ni lazima nieleze cheo cha Yeremia, kwa sababu bila cheo hicho usingizi wake ungebaki kuwa usingizi. Yeremia alikuwa mshenga. Katika ujana wake, alipokuwa mwembamba na bado yu macho, alipeleka posa za vijana wengi wa Igoma, na posa zake zilikubaliwa. Nasi kwetu kazi ya mshenga haiishi siku ya harusi. Ndoa aliyoipeleka ni yake mpaka mmoja wa wale wawili azikwe. Wakigombana hawaanzii kwa wazazi, wala kanisani, wala kwenye baraza la kata. Huanzia kwa mshenga.

Kwa hiyo kila Jumamosi karakana iligeuka mahakama. Wanandoa waliokorofishana waliketi kwenye kochi jipya ambalo bado lilikuwa na nailoni yake, Yeremia akaketi kwenye jingine mbele yao, akafumba macho na kusema, "Haya, semeni, nawasikiliza." Mara nyingi neno la mwisho halikufika mwisho.

Mke alisema lake. Hakuna aliyemkatiza. Mume alisema lake. Hakuna aliyemwuliza swali. Kisha mkoromo ulianza kupanda, na wale wawili, kwa heshima ya mzee, walishusha sauti. Mtu ambaye hajawahi kumtukana mkewe kwa kunong'ona hawezi kujua jinsi matusi yanavyopoteza makali yake yakinong'onwa. Baada ya muda walikuwa hawana tena la kugombania isipokuwa nani atangulie kuomba radhi. Hapo Yeremia alishtuka, akajifuta mdomo, akauliza, "Mmesikilizana?"

"Tumesikilizana, baba."

"Vema. Nendeni kwa amani."

Igoma nzima iliamini kwamba Mzee Yeremia hufumba macho ili asikie moyo badala ya mdomo. Aliyeieneza imani hiyo kuliko wote alikuwa Alexander, mume wa Gladness, mtunza stoo wa kiwanda kimoja kule Nyakato, ambaye alipatanishwa pale mara nyingi kuliko mtu yeyote. "Yule mzee hazungumzi," alikuwa akisema. "Anakupima." Selina, akiwa kwenye cherehani yake hatua chache kutoka hapo, aliyasikia yote. Alijua mume wake anapima nini. Lakini nani amwamini mke anayemvunjia mume heshima?

Mambo yalifika mwisho kwa sababu ya kaptula. Mwalimu mmoja alirudisha kaptula ya mwanafunzi ambayo Selina alikuwa ameishona kwa uangalifu wote, kwa mishono iliyonyooka, huku miguu yote miwili akiwa ameiziba kabisa. Mwalimu hakugomba. Aliiweka juu ya cherehani akasema wazazi wameanza kuulizana kama si vema sare zishonwe kwingine.

Jioni ile Selina aliburuta godoro lake hadi chumba cha vitambaa. Kesho yake habari ilikuwa imefika sokoni: mke wa mshenga amehama chumba. Ikawa fedheha, kwani anayewapatanisha watu hawezi kuachwa kitandani peke yake. Yeremia alitaka godoro lirudi siku hiyo hiyo. Selina alisema halirudi. Na kama yeye Yeremia hatatafutiwa tiba, godoro litaendelea na safari mpaka Geita kwa Queen, na yeye akiwa juu yake.

Nao walikuwa na mshenga wao, ambaye ni Mzee Muhidin, mfanyabiashara wa vitambaa. Zamani, Yeremia alipokuwa kijana asiye na mtu mjini, Muhidin ndiye aliyekwenda kwa wazazi wa Selina kumposea, Mwislamu akimposea kijana Mkristo mke Mkristo, na wazazi walicheka hadi wakakubali. Sasa ana miaka zaidi ya sabini na tano. Aliwaketisha dukani kwake juu ya marobota ya vitambaa, akawamiminia kahawa.

"Yeremia," alianza, "mkeo anasema hapati usingizi kwa sababu yako. Unajibu nini?"

"Kwanza, mzee, kukoroma si kosa. Mtu hakoromi kwa makusudi. Pili, hata huko kukoroma kwenyewe hawa wanawake wanakuza. Tatu, mimi ni mtu wa kazi, nachoka, na mtu akichoka…"

Muhidin alingoja hoja ya tatu ikamilike. Hakutaka kumkatiza.

"Anatafakari?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Anakoroma, mzee. Sauti bado haijapanda. Subiri."

Ilipanda. Kijana wa dukani alitoka nje kucheka. Muhidin alikunja uso, akaanza kuelewa kesi. Kisha, ghafla, mkoromo ukakatika. Kifua cha Yeremia kilitulia, kidevu kikalala juu ya shati, na duka likawa kimya kiasi kwamba saa ya ukutani ilisikika.

"Mbona amenyamaza?" akauliza Muhidin.

"Hunyamaza hapo."

"Mama Queen, huyu hapumui."

"Hapo ndipo ninapokesha, mzee," Selina alisema. "Kelele nilizizoea zamani. Kinachoninyima usingizi ni kuzisubiri zirudi."

Zilirudi. Yeremia alitupa kichwa nyuma, akavuta pumzi kwa mshindo kama mtu aliyeibuka kutoka vilindini, na kahawa ya Muhidin ikamwagika juu ya robota la kitenge kipya. Yeremia akafumbua macho na kuendelea, "…akichoka analala. Hilo ndilo jibu langu."

Muhidin alilitazama robota lake, kisha akamtazama Yeremia, na haikujulikana ni lipi lililomtia huzuni zaidi.

"Hukumu yangu ni fupi," alisema. "Mimi nilimposea binti huyu mtu hai. Nenda hospitali kabla sijaitwa kuizika posa yangu."

Hukumu ya mshenga haikatiwi rufaa. Yeremia alikwenda hospitali mjini, akafungwa nyaya mwilini, akalazwa usiku mmoja ili atazamwe akilala, jambo ambalo alilifanya bila shida. Asubuhi daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alimweleza kwamba koo lake hujifunga kila anapolala, pumzi hukatika, na mwili humwamsha kidogo ili asife, mara nyingi sana, usiku kucha. Ndiyo maana mchana huwa amechoka.

"Kwa hiyo, mzee wangu, hujalala vizuri kwa miaka mingi."

Yeremia aliona ametukanwa. "Mimi, daktari? Ulizia Igoma nzima."

Aliagizwa apunguze mwili, aache bia za jioni, alale kwa ubavu, na zaidi ya yote atumie kifaa kinachopuliza hewa kupitia barakoa ili koo lisifunge. Kifaa hicho ni cha kuagizwa Dar es Salaam, wala si cha bei ya kochi moja au mawili. Lakini sisi hatuna shida isiyoundiwa kamati. Ndoa zote alizozipatanisha zilichanga kwa moyo mweupe. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Alexander, na siku ya kukikabidhi kile kifaa palipikwa pilau, akasimama na kusema kwamba mtu aliyetutunzia amani ya nyumba zetu sharti atunziwe pumzi yake. Watu walipiga makofi. Laiti wangelijua wanachokinunua, wangeligawana pilau wakanyamaza.

Tiba ilifaulu kabisa. Yeremia alilala na barakoa yake kimya kama mtoto, na Selina akarudisha godoro. Wiki ya kwanza alilala mno, hata akaogopa kwamba yeye naye ni mgonjwa. Uzi ulipita tena kwenye tundu la sindano kwa jaribio la kwanza, na yule mwalimu akarudi akiwa na kitambaa cha darasa zima.

Ama Yeremia, aliamka. Baada ya miaka mingi alifumbua macho akaikuta dunia, na hakupendezwa nayo. Aligundua kwamba misumari yake ilikuwa ikiibwa, kwamba ukuta wa choo umepinda, na kwamba mkewe hutia chumvi kabla ya nyanya. Selina aliyapokea haya kwa utulivu. Mtu aliyelala usiku mzima anaweza kuvumilia maneno mengi kuhusu nyanya.

Jumamosi iliyofuata Alexander na Gladness walifika na kuketi kwenye nailoni yao.

"Haya, semeni, nawasikiliza," alisema Yeremia, na macho yakabaki wazi.

Gladness alianza kama siku zote. "Baba, ni yale yale. Kila Jumapili anakwenda Kisesa kuangalia ng'ombe wa mama yake, anarudi giza limeingia."

"Ng'ombe gani?" aliuliza Yeremia.

Ukiondoa lile la kufungia kesi, hili lilikuwa swali la kwanza kuulizwa katika karakana ile. Alexander alimtazama kama mtu aliyesemeshwa na kabati.

"Ng'ombe wa mama, baba. Unawajua."

"Nawajua sana. Walihamishiwa Magu kwa binamu yangu mwaka juzi, kiangazi kile majani yalipokwisha. Nilikuwepo wakiondoka. Sasa wewe Kisesa unaangalia nini?"

Kabla ya tiba, mahali hapa pangekuwa pa mkoromo, na Alexander angepata nafasi ya kunong'ona kwamba amekosa. Sasa alikuta macho mawili yanamngoja.

"Naangalia mpira," alisema hatimaye. "Pana mahali pana televisheni."

"Mpira ukiisha?"

"Nakaa."

"Na nani?"

"Peke yangu, baba. Pana kiti."

Yeremia alimgeukia Gladness akiwa na furaha ya mtu aliyemkamata mwizi wa misumari. "Umesikia, binti yangu? Hakuna mwanamke mwingine. Mumeo anaikimbia nyumba tu."

Gladness alikunja na kukunjua ncha ya khanga yake.

"Habari za ng'ombe nilizijua, baba," alisema. "Nilijua wamehama. Mimi nilikuwa nakuja hapa ili aniombe radhi, tununue samaki tukirudi, basi. Sikuja kuambiwa. Angekuwa mwanamke ningemtukana. Kiti nitakitukanaje?" Kisha akainua uso. "Na mbona miaka yote hukuuliza swali hilo?"

"Miaka yote nilikuwa nimelala," alijibu Yeremia, kwa ukweli wa mtu aliyeamka majuzi.

Gladness alihamia kwa dada yake Nyakato jioni ile ile. Habari zilimtangulia. Walio wengi hawakuumizwa na ndoa ya Alexander. Waliumizwa na lile jibu. Watu waliokuwa wamejivunia kupimwa mioyo walitambua kwamba walikuwa wakinong'ona mbele ya mtu aliyelala, na wengine walirudi kwa Yeremia ili kesi zao zisikilizwe upya. Akazisikiliza. Kwa mwezi mmoja aligundua mengi kuliko baraza la kata kwa mwaka, na kila alichokigundua kilikuwa kweli, na kila nyumba iliyopokea ukweli wake ikapungua mtu mmoja.

Ndipo kamati ya michango ilipokutana tena, safari hii bila pilau. Walimfuata Selina barazani wakati Yeremia amekwenda kununua sponji.

"Shikamoo, mama," alianza Alexander, ambaye shati lake sasa lilionyesha dhahiri kwamba hakuna mtu wa kulipiga pasi.

"Marahaba. Karibuni."

"Mama, hatusemi kifaa kiondoke. Tunaomba Ijumaa tu. Ijumaa mzee alale bila kifaa, ili Jumamosi atusikilize kama zamani."

Selina alisimamisha cherehani. "Alexander, mlichanga ili apone, au mlichanga ili upate kuhutubia?"

"Ili apone, mama."

"Amepona."

"Hiyo ndiyo shida yenyewe."

"Basi nawapa njia. Ijumaa mchukueni, alale kwako. Kitanda chako si kina nafasi siku hizi? Yeye alale, wewe umsubiri apumue. Jumamosi asubuhi njoo uniambie kama bado unataka mshenga."

Hakuna mjumbe aliyejitolea. Waliaga kwa adabu, wakaondoka wakilaumiana kwa sauti ya chini, na nadhani walikuwa wamekwisha kupatana kabla ya kufika barabarani.

Yeremia alisimuliwa ombi hilo na watu wasiojua kunyamaza. Jioni aliacha chakula chake, akaketi karibu na cherehani.

"Selina, ni kweli sikuwahi kumpatanisha mtu?"

"Uliwapatanisha wengi," alisema mkewe akikata uzi. "Hukuwepo tu."

Pengine mambo yangeishia hapo, kila mtu na kinyongo chake, kama transfoma ya mtaa isingeungua. Umeme ulikosekana siku mbili. Kifaa kikawa kopo tupu, na pampu yenye mchanga ikarejea Igoma. Asubuhi ya pili Yeremia alivuta kochi hadi ukingo wa barabara, akalikalia, akapotea. Haikuwa hata Jumamosi. Kabla jua halijawa kali wanandoa walikuwa wamejipanga kwenye kivuli cha karakana kama wagonjwa wa kliniki, na Gladness alikuwa amefika kutoka Nyakato akiwa na mfuko wake wa nguo, nadhani ili asilazimike kurudi kuufuata.

"Haya, semeni, nawasi…" alisema Yeremia.

Alexander alinong'ona kwamba kiti cha Kisesa kina mguu mbovu, na kwamba hakukipenda sana hata zamani. Gladness alinong'ona kwamba nyumbani nako viti vipo. Mkoromo ukapanda, ukakatika, ukarudi. Wao walikuwa wameshikana mikono wala hawakusikia ulipokatika. Siku ile hakuna ndoa iliyokosa dawa, na samaki wote wa sato pale sokoni walikwisha kabla ya adhuhuri.

Selina aliwatazama wakipita mbele ya baraza yake, wawili wawili, wakicheka na kumsalimia. Hakuna aliyemwuliza ameamkaje. Usiku mbili alikuwa ameketi kitandani akisubiri pumzi ya mtu mwingine. Alishusha macho kwenye cherehani, akaona ameshona mkono wa shati mahali pa kola. Aliufumua mshono wote, polepole, hadi uzi wa mwisho. Kisha akavaa viatu, akachukua malipo ya darasa zima ya yule mwalimu, akapanda gari la mjini.

Kesho yake mafundi walikuwa juu ya paa lake. Alexander na Gladness, wakitoka sokoni na samaki wao, walisimama kutazama lile bamba jeusi likikazwa bolti kwa bolti.

"Mama Queen, hicho ni nini?"

"Sola. Ya kifaa cha mzee."

Alexander alilitazama kwa muda mrefu, kisha akaitazama anga ya upande wa ziwani.

"Na siku za mawingu?"

"Ina betri."

"Kubwa?"

"Kubwa."

"Sasa sisi, mama, tukikorofishana tutakwenda wapi?"

"Nyinyi mna nyumba," alisema Selina. "Kanong'oneni humo."

Kutoka karakanani ilisikika sauti ya Yeremia, safi, iliyolala vizuri usiku wa kwanza wa umeme kurudi. "Alexander, hebu subiri kidogo. Kuna jambo moja la wale ng'ombe sijalielewa."

Gladness alimshika mumewe mkono, na wote wawili wakaongeza mwendo.